Pipa la risaiklingi getini: ukijua linakoenda hutasumbuka tena na cha kutia

Kwanza tuelewane, pipa la risaiklingi, yaani la vitu vinavyokwenda kurejelezwa (kutengenezwa vitu vipya), sio pipa la pili la takataka. Watu wengi wakihamia mtaa ambao lori linapita getini kubeba risaiklingi wanapewa mapipa mawili au matatu na karatasi ya maelekezo, karatasi inakaa kwenye friji wiki moja alafu inapotea, na kuanzia hapo ni kubahatisha tu, chochote kinachofanana fanana na plastiki kinatupwa humo kwa imani kwamba huko mbele kuna mtu atajua cha kufanya nacho. Na kweli huko mbele kuna mtu, amesimama pembeni ya mkanda unaokimbia, kavaa glavu, na kati ya karatasi na makopo anakutana na pampasi zilizotumika.

Mi sitakupa orodha ya kukariri manake orodha zinatofautiana, mtaa mmoja wanapokea chupa za glasi na mtaa wa ng'ambo ya barabara hawapokei. Nitakupeleka na pipa lako mpaka kiwandani, ukishaona mashine zinavyofanya kazi masharti mengi utayaelewa mwenyewe.

Ila kabla ya hapo kuna mambo matatu uyajue kwa mtaa wako, na yote yako kwenye tovuti ya manispaa au ya kampuni inayobeba. La kwanza ni siku, manake mara nyingi risaiklingi haibebwi kila wiki, inapishana na taka za kawaida wiki hii na wiki ile, na sikukuu ikiingia katikati ratiba inasogea. La pili ni kama mnachanganya vyote kwenye pipa moja (karatasi, makopo, chupa, plastiki) au mnatenganisha, karatasi kivyake na vyombo kivyake. La tatu ni vitu gani wanapokea. Usichukue orodha ya shemeji yako anayekaa mji mwingine, yake ni ya kiwanda chake na wanunuzi wake.

Siku ya kutoa pipa sasa. Toa usiku wa kuamkia au asubuhi mapema kabisa, sio saa nne ukisikia lori linanguruma kona ya pili ndo unakimbia na kandambili. Malori mengi siku hizi yana mkono wa chuma, dereva hashuki, mkono unakuja unakumbatia pipa unalinyanyua unalipindua, kwa hiyo magurudumu na mshikio viwe upande wa nyumba na mfuniko ufungukie barabarani, na uache kama mita moja hivi kati ya pipa na pipa, au kati ya pipa na gari lililopaki, mkono upate pa kupita. Mfuniko ufunge kabisa. Ukiachama, upepo au ule mkono wenyewe unamwaga vitu barabarani na utakayeokota ni wewe. Na usishindilie kwa mguu, vikibana sana lori linapindua pipa na nusu ya mzigo inabaki humo humo chini.

Kuna jambo linakasirisha watu sana, unachungulia dirishani unaona mapipa yote mawili yanamwagwa kwenye lori moja unasema aah kumbe tunachezewa. Inaweza kuwa kweli, lakini mara nyingi lile lori lina vyumba viwili ndani, na kwa nje huwezi kuona. Uliza kwanza kabla hujaacha kutenganisha.

Lori likijaa linakwenda kiwanda cha kuchambulia. Pale mzigo unamwagwa chini, unapandishwa kwenye mkanda, na watu wanaanza kutoa vile ambavyo havikupaswa kuwepo kabisa, mipira ya kumwagilia bustani, nguo, waya, masufuria, midoli. Alafu mzigo unapita kwenye chekeche kubwa, sio la wavu, ni safu za visahani vinavyozunguka kwenye vyuma virefu, maboksi makubwa yanaelea juu yake yanakwenda mbele, vitu vidogo vinaanguka kwenye nafasi za katikati. Mbele tena kuna chekeche lingine linatenganisha vitu bapa kama karatasi na vitu vyenye umbo kama chupa. Glasi inavunjika njiani na kudondoka chini. Sumaku inanyanyua makopo ya chuma. Makopo ya alumini hayavutwi na sumaku, hapo kuna kifaa kizuri sana, sumaku inayozunguka kwa kasi inaamsha umeme ndani ya alumini na kopo linaruka lenyewe kutoka kwenye mkanda, nilipoona video yake mara ya kwanza nikairudia kama mara tano. Plastiki zinapita chini ya mwanga usioonekana kwa macho, sensa (kifaa cha kuhisi) inasoma aina yake, na pumzi ya upepo inaipuliza kila moja upande wake. Mwisho kila kitu kinabanwa kuwa marobota na kuuzwa kwa viwanda vinavyotengeneza vitu vipya.

Sasa rudi kwenye pipa lako ukiwa na hiyo picha kichwani.

Mifuko laini ya plastiki, ile ya kubebea vitu na karatasi za nailoni za kufungashia, usitie. Sio kwamba haiwezi kurejelezwa kokote duniani, ila inajisokota kwenye vile visahani mpaka chekeche linakaba, mashine inazimwa, na mtu anaingia humo ndani na kisu kuikata mmoja mmoja. Kwa sababu hiyo hiyo usitie vitu vyako kwenye mfuko ukaufunga fundo, mwage vikiwa huru. Mfuko uliofungwa hakuna mtu ana muda wa kuufungua, unatupwa na vyote vilivyomo, kwa hiyo kazi yote uliyofanya jikoni umeifanyia jalala. Waya, kamba, hosipaipu na taa za mapambo nazo ni hadithi ile ile ya kujisokota.

Vitu vidogo vinapotea. Chochote kidogo kuliko kiganja kinaweza kudondoka pamoja na vipande vya glasi, mirija, vijiko vya plastiki, karatasi iliyokatwa katwa na mashine ya ofisini. Vifuniko vya chupa za plastiki sehemu nyingi siku hizi wanataka uvirudishie kwenye chupa yake, vikiwa peke yake vinaishia chini. Na ndo maana pia wengine wanakuomba usiponde makopo wala chupa ziwe bapa, mashine inaweza kudhani ni karatasi. Maboksi ndo ya kukunja, hayo kunja yote, boksi moja lisilokunjwa linajaza pipa zima.

Plastiki nyeusi inachekesha kidogo. Rangi yake kwa kawaida inatokana na masizi ya kaboni, na masizi yanameza ule mwanga wa sensa, kwa hiyo mashine inaangalia trei lako jeusi haioni kitu. Lipo palepale lakini kwa mashine halipo.

Glasi ya chupa na mitungi ya vyakula sawa kama mtaa wako unapokea. Glasi za kunywea, vioo vya kujitazamia, bakuli za kuingia kwenye oveni, hapana, zimetengenezwa kwa mchanganyiko mwingine na haziyeyuki sawa na chupa, kipande kidogo tu kinaharibu chupa mpya.

Ile pembetatu yenye namba ndani, inayowekwa kwenye vyombo vya plastiki, imedanganya watu wengi kuliko kitu kingine chochote kwenye hii biashara. Alama ya mishale mitatu inayofukuzana ilichorwa mwaka 1970 na mwanafunzi mmoja wa Marekani, Gary Anderson, kwenye shindano. Mwaka 1988 chama cha watengeneza plastiki cha huko kikaleta namba 1 mpaka 7 za kuonyesha aina ya plastiki, wakaziweka ndani ya mishale, na tangu hapo dunia nzima inaamini kwamba chenye mishale kinarejelezwa. Namba inakwambia tu kimetengenezwa na nini. Namba 1 ndo zile chupa za maji na soda, namba 2 ni madumu ya maziwa, chupa za shampuu na sabuni, hizo mbili zina wanunuzi karibu kila mahali. Namba 5 inategemea. Namba 3, 6 na 7 mara nyingi hazipokelewi. Angalia umbo kwanza, chupa na dumu, namba baadae.

Usafi. Hutakiwi kuosha kama unaandalia wageni, mimina kilichobaki, suuza kidogo na maji uliyooshea vyombo, kung'uta basi. Shida ni ute na mafuta kugusa karatasi, manake lori linabana mzigo njiani na mtindi wa nusu kopo unasambaa kwenye magazeti ya mtaa mzima. Boksi la chakula lililolowa mafuta, chana upande uliolowa utupe, upande msafi tia. Wanunuzi wamekuwa wakali, China ambayo ndo ilikuwa inanunua sehemu kubwa ya mzigo wa dunia, mwaka 2018 ilipiga marufuku aina kadhaa na kwa zilizobaki ikasema uchafu usizidi asilimia 0.5, miji mingi ikabaki na marobota hayana pa kwenda. Wengine walipandisha ada, wengine walifupisha orodha, kwa hiyo ukisikia jirani anasema zamani walikuwa wanapokea kila kitu, hadanganyi.

Betri naomba unisikilize. Betri za lithiamu, za simu, za miswaki ya umeme, za midoli, sigara za umeme, usitie kwenye pipa lolote la getini. Zikibanwa ndani ya lori au kutobolewa kwenye mashine zinawaka, na pembeni yake kuna tani za karatasi kavu. Bandika selotepu kwenye ncha zake upeleke sehemu wanayopokea vifaa vya umeme. Mitungi midogo ya gesi nayo vivyo hivyo, hata ukiona imeisha.

Ukikuta pipa limeachwa limejaa na limebandikwa stika, soma stika kabla hujakasirika. Mi ilinikuta, nilikuwa nimejaza makopo yangu masafi kabisa ndani ya mfuko mweusi, najiona mwananchi bora, kumbe dereva ana kamera juu ya lori anaona mfuko mweusi tu. Nikamwaga makopo, nikasubiri wiki mbili, na pipa lilikuwa limeshajaa tangu siku ya sita.

Kama halina stika na halijabebwa, angalia mapipa ya majirani. Yao yamebaki pia? Basi lori halijapita, liache hapo hapo nje mpaka kesho jioni. Ni lako tu? Ripoti siku hiyo hiyo kwa simu au kwenye apu yao, wengi wana muda wa siku moja au mbili tu wa kurudi, ukichelewa wanakwambia subiri zamu ijayo.