Kutunga shairi la kazi ya mwalimu isiyoonekana

Chagua kazi moja tu. "Taabu" haimgusi mtu. Rundo la insha usiku wa manane, au kuvuka kwa boti kutoka Amu (Lamu) hadi kisiwa cha Manda kabla ya kengele, vinamgusa.

Tumia tarbia: mishororo 4 kwa ubeti, mizani (silabi) 8 ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, na 8 utao, nusu ya pili. Tuseme umeandika:

Kwa wino wangu mwekundu, vitabu nasahihisha

Mizani imetimia, ila kina (silabi ya mwisho inayojirudia kila mshororo) cha -ndu kitakukwamisha mshororo wa pili. Ukishatumia "ukindu", utapata nini tena? Geuza:

Wino mwekundu mezani, vitabu nasahihisha

Maneno ya -ni yamejaa tele (ni kina cha wavivu, lakini katikati kinavumilika). Kiamu, lahaja ya Lamu, nacho kinasaidia: "mato" badala ya "macho" inaoana na "watoto".

Hesabu mizani kwa vidole huku ukitamka. "Mtoto" ni mizani 3, kwa kuwa m inasimama peke yake. Wengi huhesabu 2, mshororo ukazidi.

Kibwagizo, mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, kitunge mapema, kisitaje mkuu wa shule. Kisha lighani kwa mahadhi. Pumzi inapokatika, rekebisha hapo.