Ovahoo ya injini ya Toyota 3L: kupanga kazi ya mashine na ununuzi wa spea

Anayeamua kufanya ovahoo (kufungua na kukarabati injini nzima) ya injini ya dizeli ya Toyota 3L, iliyomo katika Hiace na Hilux nyingi za zamani, mara nyingi huanzia dukani, akanunua seti nzima ya pistoni, ringi, beringi na gasketi kabla injini haijafunguliwa. Utaratibu huo ugeuzwe: injini ifunguliwe, isafishwe na kupimwa, ndipo orodha ya manunuzi iandikwe kutokana na vipimo.

Kipenyo cha silinda za 3L zikiwa mpya ni milimita 96. Fundi wa mashine apime kila silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokingamana, kwa sababu silinda huliwa zaidi kule juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na huweza kupoteza uduara wake. Ulaji ukipita kiwango cha kitabu cha mtengenezaji, silinda zitachongwa ili zipokee pistoni za ova saizi 0.50 (zilizo kubwa kwa milimita 0.50 kuliko za awali), lakini tazama kwanza utosi wa pistoni za zamani, maana ikiwa alama ya 0.50 tayari ipo, huenda njia iliyobaki ni kuweka slivu mpya (bomba la chuma linaloingizwa ndani ya silinda) na kurudi kwenye stendadi, yaani kipenyo cha awali. Pistoni zinunuliwe baada ya kupima na kabla ya kuchonga, kisha fundi azipime kwa maikromita na kuchonga kila silinda kwa kufuata pistoni yake, akiacha takriban milimita 0.02 za kumalizia kwa honi (mawe ya kusugulia ndani ya silinda). Fundi anayekubali kuchonga bila kuziona pistoni ni wa kukimbiwa.

Kabla krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) haijakerezwa hadi 0.25, yaani kupunguzwa kipenyo kwa milimita 0.25, ulizia madukani, Gerezani jijini Dar es Salaam au kwingineko, uhakikishe kwamba beringi za meni (zinazoshika krenki kwenye bloku) na za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) za saizi hiyo zinapatikana, kwani chuma kilichokwisha kuondolewa hakirudi. Silinda hedi ipimwe nyufa kwa presha kabla ya kulipia usawazishaji wa uso wake au valvu mpya. Ikiwa imepasuka, fedha hizo zitahitajika kwa hedi nyingine.

Mkanda wa taimingi na pampu ya maji havingoji kipimo chochote. Gasketi ya hedi, kinyume chake, hutengenezwa kwa unene tofauti, na unene ufaao hujulikana tu baada ya pistoni kufungwa na kupimwa jinsi zinavyochomoza juu ya uso wa bloku. Kwa hiyo gasketi hiyo ndiyo ya mwisho kununuliwa, hata kama seti ya gasketi uliyonayo imekuja na moja.