Kutoa riwaya ya kwanza kwa mtaji mdogo

Ukiwa mchapishaji mpya, jina la biashara lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, kisha nembo isubiri. Pesa ya kwanza mpe mhariri, si mchora jalada. Zuhura wa ukurasa wa 12 akigeuka Zuhra ukurasa wa 40, msomaji wangu wa Dar anafunga kitabu.

ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, pale Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi.

Kabla ya kwenda kwa mchapaji, hesabu kurasa. Mashine kubwa mara nyingi hupiga kurasa 16 kwa karatasi moja inayokunjwa, hivyo riwaya ya kurasa 163 unaweza kuilipia 176. Mimi hubana nafasi zilizo juu ya sura mpaka zitimie 160. Karatasi chukua ya rangi ya maziwa, gramu 80. Nyeupe pepe inaumiza macho usiku. Dai nakala ya majaribio, uipanue katikati kwa nguvu, bila huruma: gundi mbovu huachia papo hapo, kurasa zikabaki mkononi.

Duka likichukua kwa mali kauli, andikianeni idadi, bei na tarehe ya kuhesabu. Mwandishi alipwe kabla hujagusa muswada wa pili.