Jinsi ya kukereza gongo la besiboli, na kwa nini vyuo virudi kwenye mbao

Desemba iliyopita mpwa wangu alikuja Mombasa likizo kutoka chuo anachosoma Marekani. Aliingia karakanani kwangu Majengo, "Shikamoo mjomba," na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akawa ameshaniwekea mezani gongo la aluminiamu linalong'aa kama sufuria mpya. Nililigonga kwa kucha, likalia. Ndani tupu.

"Timu nzima twatumia haya," akaniambia. "Lakini kiangazi nimepata nafasi kwenye ligi ya mbao, na mbao siijui. Nikerezee moja nifanyie mazoezi."

Miguu ya vitanda na nguzo za ngazi nimekereza miaka mingi. Gongo la besiboli lilikuwa geni kwangu, na la kwanza lilivunjika. Naandika haya kwa fundi mwenye mashine ya kukerezea atakayeletewa kazi kama hii, na kwa mzazi au mwalimu anayetaka kijana aonje mbao kabla chuma hakijamharibu mkono.

Kwanza ufahamu chuma kinafanya nini, maana ndicho unachokiondoa. Vyuo vya Marekani viliruhusu aluminiamu mwaka 1974, na sababu kubwa ilikuwa pesa: mbao huvunjika, aluminiamu hudumu. Wachezaji wa ligi kuu ya kulipwa wamebaki na mbao mpaka leo. Sasa, gongo la aluminiamu ni bomba lenye ukuta mwembamba. Mpira ukilipiga, ukuta hubonyea kidogo kisha hurudi mahali pake na kuusukuma mpira. Mbao ngumu haibonyei hivyo. Mpira ndio unaobonyea, na nguvu nyingi hupotelea humo humo. Mwaka 1998 fainali ya vyuo iliisha 21 kwa 14, alama nyingi mno kwa besiboli, na huku mrushaji wa mpira husimama mita 18.44 tu kutoka kwa mpigaji. Hebu fikiria mpira wa gramu 145 ukirudi usoni kwako kutoka masafa hayo. Tangu 2011 magongo ya vyuo hupimwa kwa kipimo kiitwacho BBCOR, yaani jinsi gongo linavyourudisha mpira, kisichotakiwa kuzidi 0.50, ili kasi ya mpira ikaribiane na ya mbao.

Kwa hiyo wako wanaosema shauri limekwisha. Mimi nasema bado. Bomba tupu unaweza kulisawazisha uzito ukasogea mikononi, kijana akalizungusha kwa wepesi; mbao uzito wake uko kichwani, upande mnene wa kupigia, na huwezi kuuhamisha sana. Tena mpira ukikupata karibu na mikono, gongo la chuma huweza kuurusha bado ukaangukia pazuri, na kijana akashangiliwa. Kwa mbao kosa lile lile hukuachia ganzi mpaka kiwikoni, au kipande cha mpini. Mpwa wangu alikuwa ameshangiliwa miaka mitatu kwa makosa ambayo hakuna aliyemwambia ni makosa. Hilo ndilo linaloniuma, na ndiyo maana nasema vyuo virudi kwenye mbao hata kama bajeti italalamika.

Haya, kazi. Mbao ndiyo nusu ya gongo. Wenzetu Marekani hutumia sana miti ya eshi na mepo, ingawa eshi wanaipoteza kwa mdudu anayetoboa magome, aliyegunduliwa kule Michigan mwaka 2002. Huku pwani miti hiyo hatuna. Mpingo uuache: gongo la kiasi hiki lingekaribia kilo moja na nusu, na ni dhambi kuuharibu mti ule kwa mazoezi. Mimi nilianza na mvule kwa sababu ulikuwepo na uzito wake ulinifaa. Kosa langu halikuwa uzito, bali nyuzi. Nyuzi za mvule mara nyingi hupishana, safu moja huelekea huku na inayofuata kule, na ubao wenyewe niliuzwa kwenye godauni moja la Shimanzi kwa maneno matamu kwamba umenyooka kama mshale. Niliamini bila kukagua. Mpira wa tisa, mpini ukakatika kwa mshazari, na kipande chenye ncha kikapita karibu na sikio la kijana wa watu. Siku ile sikula mchana.

Basi kagua nyuzi mwenyewe. Randa upande mmoja uwe laini, chukua kalamu ya wino, dondosha tone moja dogo, usubiri. Wino hunyonywa kufuata nyuzi na hujichora kamstari kembamba. Weka rula sambamba na urefu wa ubao. Kamstari kakienda pamoja na rula, chukua. Kakikata upande, hata ukipenda rangi ya ubao namna gani, uufanye kigoda. Ligi kuu ya Marekani hutumia tone kama hilo kwenye mipini ya mepo, na hawakubali nyuzi zipinde zaidi ya digrii 3. Gongo langu la pili lilitoka kwenye mkaratusi wa bara uliokauka vizuri, ulionyooka, usio na fundo wala ufa kwenye ncha. Nilitupa vipande vinne kabla sijaupata.

Anza na kipande cha inchi 3 kwa 3, urefu wa inchi 36. Chora mistari ya kona kwa kona kwenye ncha zote mbili upate kitovu, chonga kona nne kwa randa ili patasi isirukeruke, ndipo ukifunge kwenye mashine. Kwanza kifanye duara chote. Gongo lenyewe litakuwa inchi 33. Kinachozidi ni vishikio vya mashine, utavikata mwisho.

Vipimo nilivyotumia: kichwa inchi 2 na nusu, mpini inchi 1, kitako cha kuzuia mkono usiteleze inchi 2. Sikuwa na kifaa maalumu cha kupimia unene, nikakata mapengo ya vipimo hivyo kwenye kipande cha plaiwudi. Pengo likipita bila kulazimishwa, umefika. Kereza kichwa kwanza na mpini mwisho kabisa. Ukiwahi kuufanya mpini mwembamba, kazi yote huanza kutetema katikati na patasi huacha mawimbi kama mchanga wa ufuoni. Kichwa kikae na unene wake huo kwa urefu wa inchi 10 hivi, kisha kiteremke taratibu. Usiweke ngazi wala pambo lolote la kitanda hapo. Kila kikato cha ghafla ni mahali pa kuvunjikia.

Pima uzito mapema. Kanuni ya vyuo yasema urefu kwa inchi ukitoa uzito kwa aunsi, jibu lisizidi 3. Kwa hiyo gongo la inchi 33 lisipungue aunsi 30, yaani gramu 850 hivi. Langu lilitoka gramu 930. Mpwa wangu alilalamika siku mbili, ya tatu akanyamaza.

Msasa wa kukwaruza, kisha laini, kisha mafuta ya kitani kwa kitambaa, tabaka tatu, kila tabaka likauke. Wachezaji wa zamani walikuwa wakisugua kichwa kwa mfupa ili kikaze. Nilitafuta mfupa wa ng'ombe buchani nikasugua jioni nzima, na kweli uso ulibana ukang'aa. Kabla ya kumpa, nililidondosha wima kwenye sakafu ya saruji, kitako chini, kutoka kimo cha shubiri. Sikiliza kama mama anayechagua nazi sokoni. Likilia kwa sauti safi, zima. Likijibu kwa sauti ya kufa, kuna ufa ndani, na gongo lenye ufa huchomwa jikoni. Halifungwi kwa utepe wala halipewi mdogo wake. Fanya hivyo kila asubuhi kabla ya kucheza. Na hili ni la mazoezi: mechi zina magongo yake yaliyoidhinishwa.

Tulikuwa tunaenda ufuoni Nyali alfajiri, maji yamekupwa, mchanga umeshikana na watu bado hawajajaa. Mimi namrushia polepole kutoka ubavuni, na sikuruhusu mtoto yeyote asimame mbele. Siku ya kwanza aliupokea mpira karibu na mikono, akaliachia gongo likaanguka, akabaki anajipulizia vidole. "Mjomba, lauma!" Nikamwambia gongo linamwonyesha mpira ulipopigia, alisikilize.

Njia iliyomsaidia ni chaki. Kila baada ya mipira kumi nalipaka gongo chaki kutoka ncha mpaka katikati, anapiga, halafu tunaangalia alama. Mahali panapotakiwa ni kama inchi 5 hadi 7 kutoka ncha. Hapo mpira huondoka na mkono hausikii kitu. Wiki ya kwanza alama zilitapakaa kila mahali. Weka daftari, andika ngapi zimeingia ndani ya upana huo. Yeye alianza na mbili kwa kumi.

Unyevu wa bahari nao usiusahau. Ukimaliza, futa chumvi kwa kitambaa kikavu, lilaze bapa juu ya rafu ndani ya nyumba, usiliegemeze ukutani wala kuliacha kwenye buti la gari juani.

Asubuhi ya mwisho kabla ya safari nililipaka gongo chaki mwenyewe, akapiga mipira kumi, nikahesabu. Alama saba zilikaa pamoja, nikazifunika zote kwa kiganja.