Kuziba au Kubadilisha Tyubu ya Pikipiki Ukiwa Porini

Pikipiki inapopata pancha katikati ya njia ya porini, simama mara tu unapohisi sehemu ya nyuma inayumba au usukani umekuwa mzito. Ukiendelea kuendesha, tairi lisilo na hewa huteleza juu ya rimu na kuivuta tyubu, na valvu iliyobanwa kwenye tundu lake hung'oka shinani. Tundu la mwiba huzibwa kwa kiraka kimoja, lakini tyubu iliyochanika kwenye shina la valvu haizibiki, kwa hiyo mita mia chache za ubishi zaweza kukugharimu tyubu nzima.

Kama umebeba tyubu ya akiba, badilisha, na kazi ya kiraka uiache hadi utakapofika mahali penye meza na maji. Gundi haipendi vumbi, unyevu wala haraka, na vyote vitatu ni vya kawaida kando ya njia. Pikipiki nyingi za njia mbovu zina gurudumu la inchi 21 mbele na la inchi 18 nyuma. Asiyeweza kubeba tyubu mbili abebe ya inchi 21, kwa sababu ikikunjwa kidogo huingia hata kwenye tairi la nyuma na kukufikisha nyumbani, ilhali ile ya nyuma haiwezi kunyooshwa hadi ya mbele bila kuumia. Hata hivyo viraka visikosekane mkobani, kwa kuwa pancha ya pili hutokea, na mara nyingi husababishwa na mkono wa yule yule aliyetengeneza ya kwanza.

Chagua mahali pagumu na tambarare. Pikipiki isiyo na stendi ya kati inaweza kuinuliwa kwa stendi yake ya pembeni pamoja na gogo au jiwe bapa lililowekwa chini ya injini, mradi uhakikishe haiwezi kuanguka utakapovuta ekseli. Tandaza koti au kitambaa na uweke juu yake kila nati na kila bushi kwa mpangilio uliotoka nao, kwani bushi iliyopotea majanini husimamisha safari kuliko pancha yenyewe. Kwa gurudumu la nyuma, legeza nati ya ekseli, sukuma gurudumu mbele ili mnyororo ulegee, uondoe mnyororo kwenye sproketi, kisha chomoa ekseli. Tangu hapo mtu yeyote asiguse breki. Pedi zikisogea bila diski katikati yake hubana nafasi, na itakubidi uzitanue kabla ya kurudisha gurudumu. Kipande cha mti kilichochongwa na kupachikwa kati ya pedi huzuia usumbufu huo. Gurudumu lilaze kwa namna ambayo diski haikandamizwi na ardhi.

Ondoa kifuniko na pini ya ndani ya valvu ili hewa yote itoke, fungua nati ya valvu, na uilegeze nati ya kibano cha tairi (kipande kilicho ndani kinachobana tairi kwenye rimu lisiteleze), kama kipo, hadi ibaki kwenye nyuzi za mwisho, kisha ukisukume kibano ndani. Weka alama ya chaki au ya tope kwenye tairi pale valvu ilipo. Alama hiyo ndogo itakuonyesha baadaye ni sehemu gani ya tairi inayolingana na tundu utakalolikuta kwenye tyubu.

Kinachofuata ndicho kinachowashinda wengi, na si kwa kukosa nguvu. Katikati ya rimu pana mfereji ambao kipenyo chake ni kidogo kuliko cha kingo za rimu. Ukingo wa tairi una waya ndani yake na hautanuki, kwa hiyo njia pekee ya kuuvusha upande mmoja juu ya rimu ni kuuzamisha upande wa pili ndani ya mfereji huo ili upatikane ulegevu. Kwanza bandua kingo zote mbili kwa kuzikanyaga kwa visigino vya buti kuzunguka gurudumu zima. Kisha piga goti juu ya tairi upande wa mbali, ulikandamize hadi ukingo uzame, na upande ulio mbele yako uingize leva mbili (vyuma bapa vya kutolea tairi) kwa umbali mdogo kati yake. Inua kidogo, sogea sentimita tano au sita, inua tena. Ukiona leva inataka nguvu ya mwili mzima, acha, kwa maana upande wa pili umetoka kwenye mfereji, na kinachofuata ni leva kupinda au tyubu kukatika. Ukingo mmoja ukishatoka wote inatosha. Tairi libaki kwenye rimu, nawe vuta tyubu ukimalizia na valvu.

Usiingize tyubu mpya kabla hujajua kilichoitoboa ya zamani. Jaza hewa tyubu iliyotoboka hadi ivimbe kiasi, uipitishe karibu na shavu au mdomo, au uizamishe majini kama kuna kijito. Tundu moja upande wa nje ni la mwiba au msumari, na huenda bado umo ndani ya tairi. Linganisha na ile alama, kisha upapase ndani kwa kitambaa, si kwa vidole vitupu. Matundu mawili marefu yanayokabiliana, kama alama ya meno ya nyoka, yanaeleza kwamba tairi liligonga jiwe na tyubu ikabanwa na rimu, maana yake hewa ilikuwa ndogo mno. Tundu la upande wa ndani, unaotazama rimu, hutokana na spoki iliyochomoza au mkanda wa rimu uliosogea.

Ikibidi kuziba, chora duara pana kuliko kiraka, kwa kuwa alama iliyo ndani yake itafutika utakaposugua. Sugua kwa msasa hadi mng'ao wa mpira uishe, na kama kuna mshono uliovimba uusawazishe kabisa, maana hewa hupita kando yake chini ya kiraka. Pangusa vumbi, usipaguse tena kwa kidole, halafu paka gundi tabaka jembamba linalopita ukubwa wa kiraka. Kisha subiri. Gundi hii haishiki ikiwa mbichi kama gundi ya karatasi. Inapaswa kukauka hadi ipoteze mng'ao, kwa kawaida dakika tano hivi, na zaidi penye baridi. Bandika kiraka bila kugusa upande wake wa gundi, ukikandamize kuanzia katikati kuelekea kingoni kwa mpini wa spana. Usijaribu ubora wake kwa kuivimbisha tyubu sana nje ya tairi, kwani mpira ukitanuka namna hiyo hukibandua kiraka kipya. Paka poda kidogo, au hata vumbi laini, ili pasigande na tairi. Kichupa cha gundi kilichowahi kufunguliwa hukauka chenyewe ndani ya mkoba, kwa hiyo ni busara kubeba vidogo viwili ambavyo bado vimefungwa.

Tia tyubu hewa kidogo tu, kiasi cha kupata umbo la duara, ili isijikunje wala kukaa chini ya ukingo. Ingiza valvu kwanza na uishikize kwa nati iliyozungushwa mara mbili au tatu. Kama kuna kibano, anza kurudisha ukingo hapo hapo ukikisukuma ndani, kwa sababu ukingo lazima upite chini yake na mwishoni hakuna tena ulegevu wa kufanya hivyo. Kama hakipo, malizia kwenye valvu. Magoti yabaki juu ya sehemu iliyokwisha kuingia, kuizuia isitoke mferejini. Usiinue leva kupita pale ukingo unaporuka, kwa kuwa ncha yake ndiyo inayochana tyubu mpya. Ukingo ukishaingia wote, sukuma valvu ndani na kuiachia ili kuhakikisha shina lake halijabanwa.

Jaza hewa hadi mstari ulio ubavuni mwa tairi uonekane sawa kuizunguka rimu yote. Mara nyingi huhitaji psi 30 (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa) au zaidi, lakini usivuke kiwango kilichoandikwa kwenye tairi. Mtungi mmoja mdogo wa gesi ya kujazia tairi, wa gramu 16, hautoshi tairi la nyuma. Mimi hubeba pampu ya mkono hata ninapokuwa na mitungi, kwa kuwa pampu haiishi. Toa hewa yote ili mikunjo ya tyubu ijinyooshe, ujaze tena, kaza kibano, kisha punguza hadi psi 12 hadi 15 ikiwa utabaki kwenye mawe na tope, au uongeze kwa barabara ya kawaida kadiri mtengenezaji anavyoelekeza.

Baada ya kurudisha gurudumu na kukaza ekseli na mnyororo, bonyeza breki mara kadhaa pikipiki ikiwa imesimama hadi iwe ngumu, kwa sababu bonyezo la kwanza huweza kuwa tupu kabisa. Nati ya valvu usiikaze dhidi ya rimu. Iache ikiwa imepanda kuelekea kwenye kifuniko. Simama baada ya kilomita chache uitazame valvu: ikiwa imelala upande, tairi linateleza juu ya rimu, nawe toa hewa, uinyooshe, ujaze upya na ukaze kibano kabla haijang'oka.