Namna ya Kupika Kaa na Kamba wa Maji Baridi ili Kuepuka Minyoo ya Mapafu

Kamba wekundu wanaovuliwa Ziwa Naivasha, Kaunti ya Nakuru, asili yao ni Marekani, na waliletwa ziwani humo mwaka 1970. Huko kwao, hasa jimboni Missouri, wapo watu waliougua minyoo ya mapafu baada ya kula kamba wabichi wa mtoni. Nigeria na Kameruni, ugonjwa wa namna hiyo huletwa na kaa. Simtii mtu hofu ya kitoweo chake, ila kamba na kaa wa maji baridi, popote walikovuliwa, hawaliwi wabichi.

Mabuu ya mnyoo huyu hukaa katika nyama na matamvua. Yakimezwa yakiwa hai, hutoboa utumbo, hupenya kiwambo kinachotenga tumbo na kifua na kuingia mapafuni, ambako hukomaa na kutaga mayai. Limau, siki, chumvi na pombe haviyaui. Kinachoyaua ni moto.

Chemsha maji mpaka yatokote ndipo utie kamba, na usiwarundike sufuriani. Usidanganywe na rangi, kwa maana gamba huwiva jekundu mapema, ilhali nyama ya ndani ingali mbichi. Vunja gando lililo nene kuliko yote utazame: nyama iwe nyeupe, isiyopenyeza mwanga, hata pale inaposhikana na gamba. Mwenye kipimajoto ahakikishe nyuzi 63 za Selsiasi katikati ya nyama. Kibao na kisu vilivyopasulia kaa mbichi vioshwe kwa sabuni na maji moto kabla ya kukatia kachumbari, kwa kuwa maji ya kaa yaliyobaki kwenye kibao yanaweza kubeba mabuu. Nawa na mikono pia.

Aliyekwisha kula kaa wabichi, kisha akapatwa na kikohozi cha muda mrefu, maumivu ya kifua au makohozi yenye rangi ya kutu, amweleze daktari alichokula bila kungoja kuulizwa. Dalili hizo hufanana mno na za kifua kikuu, na rangi inayotumiwa maabara kutafuta kifua kikuu huweza kuharibu mayai ya mnyoo, hivyo makohozi yapimwe pia kabla ya kutiwa rangi hiyo. Dawa yake ni prazikwanteli, ile ile wanayopewa wanafunzi wa kandokando ya Ziwa Victoria kwa ajili ya kichocho. Hata hivyo, kichocho kwa kawaida hutibiwa kwa dozi moja, ilhali minyoo ya mapafu huhitaji dozi tatu kwa siku, kwa siku 2 au 3, zikipimwa kwa uzito wa mgonjwa. Vidonge vilivyobaki nyumbani havitoshi.