Namna ya Kusoma Ripoti ya Mazingira ya Upanuzi wa Hifadhi ya Gesi Asilia

Nchini Marekani, kampuni inayotaka kupanua hifadhi ya gesi asilia inayohudumia biashara baina ya majimbo huomba kibali kwa Tume ya Shirikisho ya Udhibiti wa Nishati, inayojulikana kwa kifupi kama FERC. Kwa kawaida tume hiyo huandaa ama tathmini fupi ya mazingira ama taarifa ndefu ya athari, na raia yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuitolea maoni. Hifadhi inayohudumia jimbo moja tu husimamiwa na mamlaka za jimbo lenyewe, kwa hiyo jambo la kwanza ni kuhakikisha unajua nani anayeamua.

Tafuta namba ya jalada la mradi, ambayo kwa maombi ya aina hii huanza na herufi CP, kisha pakua ripoti pamoja na ombi la awali la kampuni. Usisome ripoti peke yake, kwa kuwa mara nyingi maelezo ya kina kuhusu miamba na visima yamo katika viambatisho vya ombi, na ripoti huyafupisha mno.

Chunguza kwanza gesi itahifadhiwa wapi. Hifadhi nyingi ziko katika mashapo ya zamani ya mafuta au gesi yaliyokwisha kuvunwa. Nyingine ziko katika miamba yenye maji, na nyingine katika mapango yaliyochongwa ndani ya chumvi kwa kuiyeyusha. Kisha uliza kinachoongezeka hasa: ni idadi ya visima, ukubwa wa eneo, au shinikizo la juu kabisa linaloruhusiwa? Shinikizo likipandishwa kupita lile lililokuwamo ardhini kabla ya uvunaji, ripoti inapaswa kuonyesha kwa vipimo kwamba mwamba wa juu unaoifunika gesi utalihimili, na maneno ya jumla kama “hakuna athari kubwa inayotarajiwa” hayatoshi.

Sehemu inayostahili muda wako mwingi ni ile ya visima vya zamani, na nasema hivi nikijua kwamba wasomaji wengi huishia kwenye kurasa za ndege wa porini na mandhari. Shapo lililovunwa kwa miongo mingi limetobolewa mara nyingi, na kila tundu lililozibwa vibaya au kusahauliwa ni njia ya gesi kupanda juu. Huko Hutchinson, Kansas, Januari 2001, gesi iliyovuja kutoka hifadhi ya chumvi ilisafiri chini ya ardhi takribani kilomita 11, ikatokeza mjini kupitia visima vya kale vya maji ya chumvi, na watu wawili wakafa. Katika hifadhi ya Aliso Canyon karibu na Los Angeles, kisima kilichochimbwa miaka ya 1950 kilivuja kuanzia Oktoba 2015 hadi Februari 2016, kikatoa takribani tani 100,000 za methani, ambayo ndiyo sehemu kuu ya gesi asilia, na maelfu ya kaya zikahama. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulibaini kwamba bomba la nje la kisima hicho lilikuwa limeliwa na kutu, nalo ndilo lililokuwa kizuizi pekee kati ya gesi na udongo.

Kwa hiyo dai orodha ya visima vyote, vikiwamo vilivyoachwa, ndani ya eneo la hifadhi na ukanda wake wa kinga. Mwaka wa kuchimbwa kwa kila kimoja. Tarehe ya mwisho ya kupimwa unene wa bomba la kisima na ubora wa saruji inayolizunguka. Na idadi ya vizuizi. Ukijibiwa kwamba usalama wa visima ni kazi ya wakala wa shirikisho wa usalama wa mabomba, jibu hilo ni kweli kwa upande wa viwango, lakini halifuti haja ya ripoti kueleza hatari inayoongezwa na mradi.

Kuhusu kelele, angalia kama mitambo ya kushindilia gesi itabaki chini ya wastani wa desibeli 55 wa mchana na usiku kwenye nyumba za karibu, na kama hesabu hiyo imejumlisha mitambo iliyopo tayari.

Unapoandika maoni, taja ukurasa, nukuu dai, eleza pengo, kisha sema ni taarifa gani ingeliziba. Barua moja ya namna hiyo huilazimu tume kujibu jambo mahususi, tofauti na mamia ya barua zinazofanana. Zaidi ya hayo, omba mapema kuwa mhusika rasmi wa shauri, maana mtoa maoni wa kawaida hana haki ya kuomba uamuzi usikilizwe upya, na mhusika rasmi mwenyewe ana siku 30 tu tangu uamuzi utolewe kuwasilisha ombi hilo.